Wits ni chuo gani, na mtoto wako anafikaje pale?



Kila mwaka mwezi wa kwanza, matokeo ya matriki yakishatoka, simu ya ofisi yetu hailali. Mzazi anapiga akiwa na furaha: "Mwanangu amefaulu! Sasa nataka aingie Wits. Nifanye nini?" Tunafurahi pamoja naye, halafu inabidi tumwambie habari ambayo hatupendi kuisema: maombi ya mwaka huu yalifungwa mwaka jana. Wakati mwingine habari ni mbaya zaidi, kwamba masomo aliyochagua mtoto akiwa Grade 9 hayamruhusu kusoma anachotaka.

Ndiyo maana mwezi huu tunazungumzia Wits. Tunataka mkijue chuo hiki, na tunataka swali hilo mtuulize mapema, mtoto akiwa bado na sare ya Grade 9.

Jina na mahali

Wits ni kifupi cha University of the Witwatersrand. Witwatersrand ni jina la safu ya vilima ambayo mji wa Johannesburg umekaa juu yake, na maana yake ni ukingo wa maji meupe. Dhahabu iligunduliwa katika vilima hivi mwaka 1886. Hata randi mnayotumia sokoni imepata jina lake hapo.

Chuo kilianza kama shule ya madini mwaka 1896 huko Kimberley, kwenye machimbo ya almasi. Mwaka 1904 kikahamia Johannesburg, na mwaka 1922 kikawa chuo kikuu kamili. Mwaka 2022 kilitimiza miaka 100.

Kampasi kuu iko Braamfontein. Ukishuka Park Station unapanda kidogo kwa miguu, unafika. Barabara kuu ya M1 inapita katikati na kuigawa kampasi hiyo, upande wa mashariki na upande wa magharibi. Kampasi nyingine ziko Parktown: shule ya udaktari, shule ya ualimu na shule ya biashara.

Chuo kina wanafunzi takriban 40,000 na kina vitivo vitano: biashara, sheria na uongozi, uhandisi na ujenzi, afya, sanaa na sayansi za jamii, na sayansi. Ni chuo cha umma, kimoja kati ya vyuo vikuu 26 vya umma nchini. Lakini msichanganye: cha umma si sawa na cha bure. Tutalifikia jambo la pesa hapo chini.

Chuo cha utafiti ni nini?

Vyuo vingi vinafundisha. Chuo cha utafiti kinafundisha, na pia kinatafuta maarifa ambayo bado hayajaandikwa katika vitabu. Mwaka 1925 Raymond Dart, mwalimu wa Wits, alitangaza fuvu la mtoto wa kale lililopatikana Taung, na likasaidia kuonyesha kwamba asili ya binadamu ni Afrika. Mwezi wa sita mwaka 2020, wakati wa korona, timu ya Profesa Shabir Madhi wa Wits ilianza majaribio ya kwanza ya chanjo hiyo barani Afrika.

Kuna hili pia, kwa ndugu zetu wa pwani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wanasayansi wa Wits walitengeneza rada yao wenyewe, na mwaka 1940 ilifungwa Mambrui, kaskazini ya Malindi, kulinda pwani ya Kenya. Mzee wa Mambrui huenda aliiona kazi ya Wits kabla ya wengi wetu kulisikia jina lake.

Na ninyi pia huenda mmeshakutana nacho bila kujua. Kama umejifungua Rahima Moosa, au umelazwa Helen Joseph, Charlotte Maxeke au Baragwanath, yule kijana mwenye koti jeupe aliyesimama nyuma ya daktari akiandika, inawezekana kabisa alikuwa mwanafunzi wa Wits. Hospitali hizo ndizo madarasa yao. Chuo kina pia Wits Law Clinic, ambapo wanafunzi wa sheria wakisimamiwa na mawakili wanawasaidia bila malipo watu wasio na uwezo, na imekuwa ikishughulikia kesi za wakimbizi na waombaji hifadhi.

Jina lililo mlangoni

Wazazi wengi huniambia, "Pale si mahali petu." Nawaelewa. Mimi mwenyewe nilipita mbele ya nguzo zile kubwa za Great Hall miaka miwili bila kuthubutu kuingia. Kwa hiyo nataka niwaeleze habari mbili.

Ya kwanza. Ofisi nyingi ambazo mwombaji anazihitaji ziko katika jengo linaloitwa Solomon Mahlangu House. Solomon Mahlangu alikuwa kijana mpigania uhuru aliyenyongwa na serikali ya ubaguzi tarehe 6 Aprili 1979. Wanaotoka Tanzania wanalijua jina hilo kutoka Morogoro. Vijana wa Afrika Kusini waliokimbia nchi yao walihitaji mahali pa kusoma, na Tanzania ikawapa ardhi Mazimbu. Shule iliyojengwa pale ikapewa jina la Mahlangu. Ilifungwa mwaka 1992, vijana hao walipoweza kurudi kwao, na majengo yakakabidhiwa Tanzania. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine.

Kwa hiyo wenyeji wa nchi hii nao waliwahi kuwa wakimbizi, na walisomea kwetu. Unapoingia katika jengo lile na faili lako mkononi, usiinamishe kichwa.

Ya pili ni ya Eduardo Mondlane, kijana kutoka Msumbiji aliyekuja kusoma Wits. Mwaka 1949 serikali mpya ya ubaguzi ilikataa kumwongezea kibali, naye akalazimika kuondoka bila kumaliza. Baadaye akasoma Marekani hadi udaktari wa falsafa, na mwaka 1962, pale Dar es Salaam, akawa rais wa kwanza wa FRELIMO. Aliuawa Dar es Salaam kwa bomu tarehe 3 Februari 1969. Leo chuo kikuu kikubwa cha Maputo kina jina lake.

Nawakumbusha habari ya Mondlane kwa sababu moja: alikuwa na akili, alikuwa na nafasi chuoni, na kilichomtoa ni karatasi. Siku hizi sheria ni tofauti, lakini karatasi bado ndiyo inayowaangusha watoto wetu wengi. Tuanze basi na mambo yenyewe.

Jambo la kwanza: hesabu, Grade 9

Mwishoni mwa Grade 9 mtoto anachagua masomo atakayosoma hadi Grade 12. Katika shule nyingi kuna aina mbili za hesabu: Mathematics, na Mathematical Literacy ambayo watoto wanaiita Maths Lit. Maths Lit ni hesabu za maisha ya kila siku. Ni rahisi zaidi, na si aibu kuisoma. Lakini mtoto mwenye Maths Lit hawezi kuingia uhandisi, udaktari, uhasibu wala kozi nyingi za sayansi. Uhandisi unataka pia Physical Sciences.

Nilipofika hapa kutoka Uvira nikipitia kambi ya Nyarugusu, Kiingereza changu kilikuwa kidogo. Shule niliyosoma ikaniweka Maths Lit kwa sababu hiyo, ingawa kambini nilikuwa wa kwanza darasani kwa hesabu. Baba alitia sahihi. Hakuelewa alichotia sahihi, nami pia sikuelewa. Nilitaka kuwa injinia wa maji. Nilikuja kujua katika Grade 12, nilipofungua kitabu cha udahili, kwamba mlango huo ulikuwa umefungwa miaka mitatu nyuma. Kazi ninayoifanya sasa naipenda. Lakini uamuzi ule ulifanywa na watu ambao hawakunijua, na nyumbani hatukujua hata kama kuna uamuzi.

Kwa hiyo mzazi, ikija fomu ya kuchagua masomo, usitie sahihi siku hiyo hiyo. Ilete kwetu tuisome pamoja. Shule ikisema mtoto ahamishiwe Maths Lit, una haki ya kuuliza kwa nini, na kuomba apewe muda na msaada kwanza.

Jambo la pili: maana ya "kufaulu"

Matriki ina ngazi. Ili kusoma shahada, mtoto anahitaji ngazi inayoitwa Bachelor. Sharti lake kubwa ni kupata asilimia 50 au zaidi katika masomo manne, pamoja na masharti ya lugha. Lakini hiyo inampa ruhusa ya kuomba tu. Wits ina hesabu yake ya pointi inayotokana na alama za masomo, na Kiingereza na hesabu vinapewa uzito zaidi. Kila kozi ina pointi zake. Mtoto anaweza kufaulu vizuri kabisa na bado akakosa kozi aliyoitaka, kwa sababu waombaji ni wengi kuliko viti.

Jingine ambalo wengi hawalijui: mtoto anaomba akiwa bado Grade 12, akitumia alama zake za Grade 11. Mwaka wa kukaza buti ni Grade 11.

Jambo la tatu: tarehe

Kwa miaka mingi Wits imekuwa ikifunga maombi ya kozi za afya mwisho wa mwezi wa sita, na ya kozi nyingi nyingine mwisho wa mwezi wa tisa. Hakikisheni tarehe za mwaka wenu kwenye tovuti ya chuo yenyewe. Maombi yanafanyika kwa intaneti. Asiye na kompyuta aje ofisini kwetu au aende maktaba ya mtaa.

Msisubiri mwezi wa kwanza. Januari 2012 maelfu ya watu walipanga foleni langoni mwa Chuo Kikuu cha Johannesburg, ambacho ni chuo kingine, wakitafuta nafasi za mwisho. Watu wakasukumana, na mama mmoja aliyekuwa amemsindikiza mwanawe akafariki pale. Tangu hapo nafasi za mwisho zinatafutwa kwa intaneti. Wizara ya Elimu ya Juu ina mfumo unaoitwa CACH, unaofunguliwa mwanzoni mwa mwaka kwa ajili ya waliokosa chuo.

Na mtu akikuambia, iwe Yeoville au kwenye WhatsApp, kwamba anauza nafasi ya Wits, huyo ni mwizi. Chuo hakiuzi nafasi.

Jambo la nne: kibali

Sheria ya wakimbizi ya nchi hii ni ya mwaka 1998. Mwombaji hifadhi ana kibali cha Section 22. Aliyekubaliwa kuwa mkimbizi ana kibali cha Section 24. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Watchenuka, iliamua kwamba waombaji hifadhi hawawezi kuzuiwa wote kwa jumla kusoma na kufanya kazi wakati wanasubiri majibu. Baadaye sheria ilibadilishwa, na mabadiliko hayo yalianza kazi Januari 2020, kwa hiyo someni maneno yaliyoandikwa kwenye kibali chenyewe. Kama hamna uhakika, kileteni.

Kwa watoto walio shuleni, kumbukeni hukumu ya mahakama ya Makhanda ya Desemba 2019: mtoto hafukuzwi shule ya msingi wala ya sekondari kwa sababu hana karatasi.

Chuoni ni tofauti. Wanataka kibali kilicho hai siku ya kuomba, na tena siku ya kujiandikisha. Mwaka fulani tulikuwa na kijana wa Bertrams aliyepata nafasi katika chuo kimoja cha hapa mjini. Kibali chake kiliisha wiki mbili kabla ya kujiandikisha, na cha kuongezewa muda hakikutoka kwa wakati. Nafasi ikapita. Mama yake alikaa katika ofisi yangu akiwa ameshika ile barua ya kukubaliwa, na sikuwa na la kumwambia.

Fanyeni mambo matatu. Moja, angalieni leo tarehe ya mwisho ya kibali cha kila mtu nyumbani, na muanze kuomba kuongezewa muda mapema, bila kusubiri wiki ya mwisho. Mbili, wekeni nakala ya kila ombi na kila jibu, maana hiyo ndiyo ushahidi wenu. Tatu, hakikisheni jina na tarehe ya kuzaliwa ni sawa kwenye kibali, ripoti za shule na cheti cha matriki. "Mwamba" kwenye karatasi moja na "Muamba" kwenye nyingine kunaweza kukucheleweshea mwaka mzima. Kurekebisha huchukua muda, kwa hiyo Grade 10 ndiyo wakati wake.

Jambo la tano: vyeti vya nyumbani

Hii ni kwa vijana waliomaliza sekondari kabla ya kuja, na kwa wazazi wenyewe. Kama una cheti cha sekondari cha nje, kwa mfano Diplôme d'État ya Kongo au kidato cha sita cha Tanzania, na unataka kuanza shahada ya kwanza, unahitaji cheti cha ruhusa kutoka USAf, shirika la vyuo vikuu vya umma. Kama tayari una shahada, SAQA ndiyo inayotathmini na kusema inalingana na nini hapa. Karatasi za Kifaransa zinahitaji kutafsiriwa na mtafsiri aliyeapishwa. Yote mawili yana malipo na yanachukua wiki nyingi, kwa hiyo anza kabla ya maombi ya chuo. Kama vyeti vilibaki au viliungua, usikate tamaa na usinunue vya bandia. Cheti bandia kikigunduliwa kinaharibu hata kesi yako ya hifadhi. Njoo tuone shule yako ya zamani inaweza kuthibitisha nini.

Jambo la sita: pesa

Mwaka mmoja chuoni unagharimu makumi ya maelfu ya randi kwa masomo tu, kabla ya chumba, chakula na vitabu. Mwezi wa kumi mwaka 2015 wanafunzi wa Wits waliandamana kupinga ongezeko la ada la asilimia 10.5. Maandamano yakaenea nchi nzima, na mwaka uliofuata ada haikupanda. Kuanzia 2018 serikali inawasomesha bila malipo, kupitia NSFAS, watoto wa familia ambazo kipato chake hakizidi randi 350,000 kwa mwaka. Lakini mkimbizi mwenye kibali tu kwa kawaida haingii katika mpango huo. Hilo ni chungu, na ni bora mlijue sasa kuliko kulijua mwezi wa pili.

Zipo njia nyingine. UNHCR ina ufadhili wa wakimbizi unaoitwa DAFI, ulioanza mwaka 1992. Nafasi ni chache, na inabidi kuuliza kila mwaka kama zimefunguliwa. Wits ina zawadi za masomo kwa wanafunzi wenye alama za juu sana. Makampuni na mashirika yanatoa ufadhili, ila mengi yanataka kitambulisho cha raia. Someni masharti kabla ya kupoteza muda.

Jambo la kuuliza chuoni mapema: mtoto wenu ataandikishwa kama nani? Mwanafunzi wa kimataifa hulipa tofauti na mwenyeji. Nchi za SADC, zikiwemo Kongo na Tanzania, zilikubaliana mwaka 1997 kuelekea kuwatoza wanafunzi wa nchi wanachama kama wenyeji. Burundi, Rwanda, Kenya na Uganda hazimo SADC. Lakini mwenye kibali cha ukimbizi yuko katika kundi lake. Mwelezeni mapema mtu wa ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, na ombeni jibu kwa maandishi.

Kama si Wits

Mtoto akikosa Wits, hajakosa maisha. Chuo Kikuu cha Johannesburg, kilichoundwa mwaka 2005 kwa kuunganisha vyuo kadhaa, kina kampasi Auckland Park, Doornfontein na Soweto. Vyuo vya ufundi vya TVET vinafundisha umeme, ufundi bomba na mengine yenye kazi. Na kuna UNISA, ambako mtu anasoma akiwa nyumbani. Nelson Mandela alijiandikisha kusoma sheria Wits mwaka 1943 lakini hakumaliza pale. Shahada yake ya sheria aliipata kupitia UNISA mwaka 1989, akiwa bado mfungwa. Alikuwa na umri wa miaka 70. Kwa hiyo na ninyi wazazi, msiseme wakati wenu umepita.

La kufanya wiki hii

Mwulizeni mtoto wenu wa sekondari: anasoma Mathematics au Maths Lit? Kisha fungueni ile bahasha ya karatasi iliyo kabatini, muangalie tarehe na majina. Mkiona tatizo, njooni nalo ofisini pamoja na ripoti ya muhula huu. Mtoto akiwa Grade 8 au 9, njooni hata kama hamjaona tatizo lolote. Hao ndio tunaopenda zaidi kuwaona, kwa sababu kwao bado hakuna mlango uliofungwa.